Nyumba ya makontena mawili Bwejuu: mlango haufungi na sakafu imeinama. Je, ni msingi, kutu au fremu iliyokatwa?

#1 Mkaazi_Bwejuu
Assalaam alaykum wanajamvi. Naishi na familia yangu Bwejuu katika nyumba iliyotengenezwa kwa makontena mawili ya futi 20, yaliyowekwa ubavu kwa ubavu na ukuta wa kati ukaondolewa ili upatikane ukumbi mmoja. Tuliinunua ikiwa tayari imekaa mahali pake, na mwenyewe wa mwanzo alikuwa akiitumia kama ofisi ya ujenzi. Haina msingi wa kuzunguka. Imekalishwa juu ya vinguzo vifupi vya zege.

Tangu masika yaliyopita mlango wa mbele hautaki kufunga. Ulimi wa kitasa na tundu lake havikutani tena, mpaka mlango unyanyuliwe kwa mkono ndipo uingie. Sakafu imeinama kuelekea kona ya kusini-mashariki, na tukipiga deki maji yote hukimbilia huko. Kwenye kona ya juu ya dirisha kubwa linalotazama bahari, bati limepasuka kuanzia kwenye mshono wa kuchomelea, ufa wa urefu wa kidole hivi. Aidha, pale makontena yanapokutana juu panavuja mvua ikija na upepo.

Mafundi niliowaita kila mmoja ana lake: huyu anasema nifumue msingi, yule anasema nipige rangi ya kuzuia kutu na kuongeza engo, na mwengine anashauri niiuze kama chuma chakavu. Naomba wenye ujuzi wanieleze tatizo hili linaanzia wapi hasa, na kazi gani itangulie.

#2 FundiChuma_Amani
Waalaykum salaam. Jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe, sheikh: "ukuta wa kati ukaondolewa". Watu wengi wanalitazama bati la kontena kama pazia tu la kuzuia mvua, na hapo ndipo wanapoanza kulikata watakavyo. Bati lile ni jembamba, kiasi cha milimita 1.6 mpaka 2, lakini limekunjwa mikunjo na kuchomelewa kwenye fremu mwanzo hadi mwisho, na mikunjo hiyo ndiyo inayoizuia fremu isipindane kwenda upande. Ukiuondoa ukuta mzima wa mita 6, ile boriti ya juu ubavuni inabaki peke yake ikiubeba mzigo wa paa bila ya msaidizi, nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Niliwahi kuitwa Fumba kwenye nyumba ya namna hii hii. Boriti ya juu ilikuwa imeshuka katikati mpaka ukipiga kamba kutoka pembe moja hadi nyengine unaona mwanya unaopitisha vidole viwili. Tuliweka nguzo mbili za bomba la mraba na boriti mpya chini ya ile ya zamani, na mvujo wa paani ukakoma wenyewe kabla hatujagusa silikoni. Ufa wako wa dirishani una maana hiyo hiyo, kwa sababu kona ya tundu lililokatwa kwa pembe kali ndipo nguvu zinapokusanyika.

#3 Baharia_Malindi
Nakubaliana na FundiChuma kwa sehemu, lakini kuna jambo moja linahitaji kuwekwa sawa. Nimefanya kazi na makontena bandarini tangu ujana wangu. Kontena huubeba mzigo kwa pembe zake. Ukisoma kile kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni, utakuta uzito unaoruhusiwa kurundikwa juu yake umeandikwa kilo 192,000 kwa makontena mengi, na uzito wote huo hupita kwenye nguzo nne za pembeni, hauguswi na ukuta. Kwa hiyo ukuta ukiondoka, nguzo za pembeni bado zina nguvu zake. Kinachopotea ni ule ugumu wa kuzuia fremu isiyumbe kwenda upande, na uwezo wa ubavu kujishikilia katikati, kama alivyoeleza.

Swali langu kwa Bwana Mkaazi ni hili: vinguzo vyako vya zege vimekaa chini ya zile pembe za chuma zenye matundu, au vimekaa ndani zaidi, chini ya mataruma ya sakafu? Mataruma yale yamepangwa kila baina ya sentimita 30 ili kuibeba sakafu na mzigo wake na kuupeleka ubavuni. Kontena likikalia mataruma pembe zikaning'inia, utaratibu wote unageuka juu chini.

Jengine, mtu yeyote aliyewahi kufungua milango ya kontena lililokaa pabaya anajua kwamba kona moja ikishuka kidogo tu, milango inakaza. Mlango kugoma ni dalili ya kona kuzama kabla ya kuwa dalili ya kitu chengine chochote.

#4 Mzee_Mkunazini
Vijana wangu, mmeanza kutazama juu na mimi nataka mtazame chini. Bwejuu ni uwanda, jiwe la matumbawe karibu kila mahali, na watu wakiona jiwe wanasema hapa pana nguvu, hapahitaji kuchimbwa. Jiwe lile lina mapango. Ukanda wote wa mashariki na kusini, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi, una mapango makubwa yanayojulikana na mengine madogo yasiyojulikana, na maji ya mvua huyeyusha jiwe hilo polepole kutoka ndani. Kinguzo kinaweza kusimama juu ya ganda la jiwe lenye unene wa shubiri moja, chini yake pakawa patupu au pakawa na mchanga uliojaa kwenye shimo, masika moja ikauondoa.

Nimeijua kazi ya uashi katika nyumba za Mji Mkongwe, na huko somo la kwanza ni timazi. Kabla hujatia mkono kwenye ufa, unauliza kama ufa unatembea au umesimama. Tulikuwa tukibandika kipande chembamba cha kioo kwa chokaa juu ya ufa na kuandika tarehe pembeni. Kioo kikivunjika, nyumba bado inakwenda, na kila utakachokiziba kitafunguka tena. Bwana Mkaazi, fanya hivyo kwenye vinguzo vyako kabla hujanunua hata kilo moja ya chuma.

#5 Binti_Wete
Salamu kutoka Pemba. Nina duka katika kontena la futi 20 nje kidogo ya Wete, na ningependa kuunga mkono maneno ya Mzee wangu wa Mkunazini kwa upande wa ardhi, ingawa ardhi yetu si jiwe. Sisi tuko kwenye kinamo. Masika udongo unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaweza kuingia, na kontena linapanda na kushuka pamoja nao. Mlango wangu unakaza wakati wa mvua na kulegea wenyewe wakati wa jua. Fundi alikuja akauchonga ukingo wa mlango, na kiangazi kilipoingia ukabaki mwanya wa kupitisha mjusi.

Kwa hiyo naomba kumuuliza Bwana Mkaazi kama mlango wake unabadilika kwa misimu au unaharibika kwa kwenda mbele tu. Naona majibu mawili hayo yanaelekeza kwenye maradhi mawili tofauti.

#6 Mkaazi_Bwejuu
Ahsanteni sana. Nitajibu kwa mpangilio.

Kwa Baharia: vinguzo viko sita. Vinne viko chini ya pembe za nje, na viwili viko katikati, pale makontena yanapokutana, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hivyo vya katikati kila kimoja kinabeba pembe mbili kwa pamoja.

Kwa Binti_Wete: unaharibika kwa kwenda mbele tu, haujawahi kurudi.

Kwa Mzee: kinguzo cha kusini-mashariki kina ufa wa wima wenye rangi ya kutu, na ukikigonga kwa nyundo kinatoa sauti ya utupu. Vyengine vinatoa sauti kavu.

Kuhusu paa, nadhani niongeze kwamba juu kuna tangi la maji la lita 1,000, limekaa juu ya fremu ya mbao karibu na ule mstari wa katikati, ili tupate nguvu ya maji jikoni na msalani.

#7 FundiChuma_Amani
Sheikh, tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, mbali na uzito wa tangi lenyewe na mbao zake! Paa la kontena linapopimwa kiwandani hujaribiwa kwa kilo 300 zilizowekwa katika eneo la sentimita 60 kwa 30, kwa sababu linategemewa kubeba watu wawili wanaotembea juu yake na basi. Wewe umeweka tani moja, usiku na mchana, juu ya mstari ule ule ambao ukuta wake umeondolewa. Kwangu mimi mjadala umekwisha: teremsha tangi leo, kesho njoo tuzungumze boriti.

#8 Mhandisi_Tunguu
Mjadala haujesha, ndugu yangu FundiChuma, na nakuomba usiufunge mapema. Tangi literemshwe, hilo halina ubishi. Lakini tangi liko katikati, na kona iliyozama iko nje kabisa, kusini-mashariki. Kama tangi ndilo lingekuwa chanzo, vinguzo vya katikati ndivyo vingeonesha dhiki kwanza, na sakafu ingeinamia ndani.

Mimi nakitazama kile kinguzo chenye sauti ya utupu na ufa wenye rangi ya kutu. Hiyo ni nondo inayoliwa. Chuma kikigeuka kutu hujaza nafasi mara mbili na zaidi ya ile kilichokuwa nayo mwanzo, na zege haiwezi kuvumilia kusukumwa kutoka ndani, hivyo inapasuka kufuata mstari wa nondo. Sababu ya kawaida ya jambo hili pwani kwetu ni zege iliyochanganywa na mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa. Chumvi inakuwa imo ndani tangu siku ya kwanza, na hakuna rangi ya nje itakayoizuia.

Pia kuna suala la chuma cha kontena lenyewe. Makontena hutengenezwa kwa chuma cha aina ya Corten, ambacho hujifanyia tabaka jembamba la kutu lililoshikamana, na tabaka hilo huzuia kutu isiingie ndani zaidi. Wauzaji wanalisifu sana hilo. Hawasemi kwamba tabaka hilo linahitaji kulowa na kukauka kwa zamu, na kwamba penye unyevu wa kudumu au chumvi nyingi halitulii. Bwejuu inatazama Bahari ya Hindi moja kwa moja, na kusi ikivuma kuanzia mwezi wa Aprili au Mei mpaka Septemba, upande huo wa nyumba unapigwa na vumbi la maji ya chumvi mfululizo. Bwana Mkaazi, chukua bisibisi yenye ncha na uchome boriti ndefu ya chini ubavuni, hasa kwenye ile kona. Kama inazama, unazungumzia chuma kisichokuwepo tena.

#9 Mughaibuni_Ohio
Assalaam alaykum kutoka Ohio. Mimi ni mtu wa Chake Chake, na kazi yangu huku ni katika kikundi kinachosawazisha nyumba za kuhamishika, zile zinazotoka kiwandani zikiwa na chesisi ya chuma na magurudumu. Nimesoma uzi huu kwa hamu kwa sababu dalili zote alizozitaja Bwana Mkaazi ndizo tunazoitiwa kila wiki.

Nyumba hizi zina boriti mbili ndefu za chuma chini yake, na juu ya boriti hizo umepangwa mtambaapanya wa mbao unaobeba sakafu. Zinakalishwa juu ya vinguzo vya matofali ya zege yaliyopangwa bila saruji, kila baada ya mita mbili au zaidi kidogo, na baina ya tofali na chuma hupigiliwa kabari za mbao ngumu. Zile zilizotengenezwa tangu tarehe 15 Juni 1976 zinafuata kanuni za serikali kuu ya Marekani, na za kabla ya hapo kila kiwanda kilijifanyia kivyake. Nyumba kubwa huja kwa vipande viwili vinavyounganishwa katikati, mfano wa ile ya Bwana Mkaazi, na matatizo mengi huanzia kwenye mstari huo wa kati, kwa sababu ndiko kwenye nguzo chache na mzigo mwingi wa paa. Huku baridi huigandisha ardhi na kuvinyanyua vinguzo, jambo ambalo nyinyi hamnalo, ingawa kinamo cha dada yangu wa Wete kinafanya kazi inayofanana na hiyo kwa sababu nyengine.

Nataka kusema kuhusu kupima, maana naona tunatibu bila kipimo. Chukua mpira mweupe wa maji, ule unaoonesha ndani, ujaze maji taratibu mpaka kusibaki kiputo hata kimoja cha hewa, kwa sababu kiputo kimoja kinaweza kukudanganya kwa sentimita nzima. Funga ncha moja kwenye kona moja na utembee na ncha ya pili pembe zote, ukitia alama kwa penseli. Kisha pima mishazari miwili ya fremu ya mlango. Ikiwa sawa, fremu haijapinda na nyumba nzima imeinama kama ilivyo. Ikitofautiana, fremu yenyewe imesukumwa upande. Fanya hivyo alfajiri, kabla ya jua kupiga bati, kwa kuwa chuma cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi kinarefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na upande wenye jua utarefuka kuliko wenye kivuli.

Na tafadhalini, mtu yeyote asiingie chini ya nyumba iliyoshikwa na jeki peke yake. Panga magogo kwa msalaba kando ya jeki, yapandishe kila jeki inapopanda.

#10 Kijana_Kikwajuni
Mchango #9 nauhifadhi. Ila naona kote mnazungumzia uzito wa kwenda chini, na hakuna aliyetaja upepo wa ubavuni. Labda ni kwa sababu visiwa vyetu havipatwi na vimbunga.

#11 Mzee_Mkunazini
Mwanangu, usiseme hivyo mbele ya wazee. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa madarakani, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayoongoza kwa karafuu. Na hivi karibuni tu, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ambayo kwa jahazi si mbali na sisi. Hutokea mara chache sana, lakini hutokea.

#12 Binti_Wete
Ahsante Mzee, kwa Pemba kupewa haki yake.

#13 Baharia_Malindi
Kijana_Kikwajuni ameuliza jambo la maana hata kama vimbunga ni nadra. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa tani mbili na robo hivi. Melini linafungwa kwa vyuma vinavyoingia kwenye matundu ya pembe zake, wala hakuna nahodha anayeuachia uzito peke yake. Nyumba zetu hizi zimewekwa tu juu ya vinguzo, hazikufungwa kwa chochote. Kusi ikiusukuma ukuta wa bahari kwa miezi kadhaa, kontena linaweza kusogea juu ya kinguzo milimita kwa milimita, mpaka pembe ikawa imekaa kwenye ukingo wa zege badala ya katikati. Ukingo ukibeba mzigo wote, unameguka. Kwa hiyo ule ufa wa kinguzo unaweza kuwa umetokana na kusogea, na nondo ikaanza kuliwa baada ya ufa kufunguka. Bwana Mkaazi, hebu tazama kama pembe imekaa katikati ya kinguzo.

#14 UmmuSalma_Mwanakwerekwe
Nimepitia yote, na naona kuna adui mmoja hajatajwa, naye yumo ndani ya nyumba. Tuliishi kwenye nyumba ya kontena iliyopigwa jipsamu ndani, na baina ya jipsamu na bati pakawekwa sponji la kuzuia joto. Usiku, bati linapopoa, hewa yenye unyevu inayopenya nyuma ya jipsamu hugeuka maji, nayo hutiririka mpaka chini na kukaa juu ya boriti ya chini ambako hakuna anayeyaona. Nje rangi ilikuwa inang'aa. Siku tuliyofungua jipsamu kubadilisha nyaya, tulikuta mkunjo wa chini wa bati umebaki kama karatasi iliyoungua, ukiugusa unaanguka vipande vipande, na kwenye plaiwudi ya sakafu kulikuwa na mstari mweusi wa ukungu kufuata ukuta wote. Kutu ya namna hii hailetwi na bahari. Inaletwa na kupika, kuoga, kufua na kupumua kwa watu ndani ya chumba kisichokuwa na matundu ya hewa.

Kwa hiyo, Mhandisi, bisibisi ichomwe kutoka nje na kutoka ndani pia.

#15 Mhandisi_Tunguu
Mchango huu ni muhimu sana, nashukuru. Nitaongeza kwamba plaiwudi ya makontena, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 28, mara nyingi huwa imetiwa dawa ya wadudu, na aina ya dawa huandikwa kwenye kile kibao cha mlangoni alichokitaja Baharia. Anayeikata au kuipiga msasa azibe pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

#16 Mkaazi_Bwejuu
Nimepima kama alivyoelekeza ndugu yetu wa Ohio, alfajiri, kwa mpira wa maji. Kona ya kusini-mashariki iko chini ya kona ya juu kabisa kwa milimita 27. Pembe za katikati, mbele na nyuma, ziko chini kwa milimita 8 na 9. Mishazari ya fremu ya mlango inatofautiana kwa milimita 14. Boriti ya juu ya katikati nimepiga kamba, imeshuka milimita 11 pale chini ya tangi.

Bisibisi imezama kwenye boriti ya chini karibu na kona ile, urefu wa kama mkono mmoja, na kwengine kote ni ngumu. Ndani sijafungua jipsamu. Pembe haiko katikati ya kinguzo. Imetoka kuelekea nchi kavu kwa upana wa vidole viwili, ingawa sijui kama iliwekwa hivyo tangu mwanzo. Tangi nimelimwaga, limebaki tupu juu.

#17 FundiChuma_Amani
Boriti imeshuka milimita 11 chini ya tangi. Nimesema tangu mwanzo.

#18 Mhandisi_Tunguu
Na kona imeshuka milimita 27 mahali ambapo hakuna tangi, penye kinguzo kilichooza na chuma kinachopitisha bisibisi.

#19 Baharia_Malindi
Na pembe imetoka katikati ya kinguzo kuelekea nchi kavu, ndiko kusi inakosukumia.

#20 Mzee_Mkunazini
Na bado hakuna aliyechimba kando ya kinguzo kuona kilichoko chini yake. Chukueni mtarimbo, mpige jiwe kuzunguka kinguzo. Penye pango, jiwe hulia tofauti.

#21 FundiChuma_Amani
Wazee wangu, nawaheshimu, lakini sasa tuzungumze mpangilio wa kazi, kwa sababu hapa ndipo nyumba inapoweza kuharibiwa na wenye nia njema. Mimi nasema fremu iimarishwe kwanza. Aweke boriti na nguzo mbili za muda chini ya mstari wa kati, na bomba la mraba kuzunguka lile dirisha kubwa, ndipo kona inyanyuliwe. Ukiinyanyua kona kwa milimita 27 wakati ukuta wa kati haupo na dirisha halina fremu, ule ufa wa kidole utakuwa ufa wa mkono. Mwisho wa ufa patobolewe tundu dogo la duara kabla ya kuchomelewa, ili usiendelee kukimbia. Na vijiti vya kuchomelea vya 7018 viwe vikavu. Vijiti vilivyokaa wazi kwenye hewa yetu hii ya chumvi vinatoa mshono wenye matundu ndani.

#22 Mughaibuni_Ohio
Kwa heshima zote, ndugu yangu, huku tunafanya kinyume. Ukichomelea chuma kipya wakati fremu imepinda, umeifunga ibakie imepinda milele, na utakapoinyanyua kona baadaye mishono yako mipya ndiyo itakayopasuka. Sisi tunasawazisha kwanza, polepole, milimita chache kwa siku, tukipita kona zote kwa zamu, tukiacha nyumba ipumzike, kisha ndipo tunapofunga. Nguzo za muda sawa, lakini ziwe za kukazwa kwa skrubu, zisichomelewe.

#23 FundiChuma_Amani
Nyumba zenu ni za mbao juu ya chesisi, mbao hurudi zenyewe. Hii ni bati lililochomelewa, ambalo likishajikunja halirudi.

#24 Mughaibuni_Ohio
Chesisi yetu nayo ni chuma, na hatuiachi ijikunje. Ndiyo maana ya milimita chache kwa siku.

#25 Mhandisi_Tunguu
Kabla ya jeki, kumbukeni kwamba boriti ya chini karibu na ile kona imeliwa. Jeki ikiwekwa hapo itatoboa na kupanda juu peke yake. Mahali salama ni chini ya ile pembe yenye matundu, na hapo ndipo kinguzo kilipo. Kwa hiyo anahitaji kinguzo cha muda kando, na pleti nene ya chuma itakayoshika pembe na sehemu nzima ya boriti iliyo salama. Kinguzo kipya kimwagwe kwa mchanga usio na chumvi, na nondo zifunikwe kwa zege ya unene wa sentimita 5 kwa uchache. Juu yake ziachwe boliti za kufungia pembe, ili hoja ya Baharia nayo ipate jibu.

#26 UmmuSalma_Mwanakwerekwe
Na jipsamu ifunguliwe kabla ya moto wa kuchomelea kuanza. Sponji lile linashika moto kwa haraka, na moshi wake ni sumu. Si jambo la kujaribu na watoto ndani.

#27 Mkaazi_Bwejuu
Familia nitaipeleka kwa mama mkwe Paje kwa muda. Kipande cha kioo nimekibandika kwenye kinguzo kwa chokaa, na kingine dirishani kwenye ufa. Tangi litakaa tupu, na nimekata shauri kulijengea mnara wake mwenyewe nje. Jipsamu naifungua wiki hii, kuanzia kona ile.

Mtu wa kijijini aliyegonga jiwe kwa mtarimbo anasema upande wa bahari pamelia tofauti, lakini FundiChuma amepita akagonga pale pale, na yeye amesikia jiwe zima.

#28 Mzee_Mkunazini
Agonge mtu wa tatu, na agonge maji ya bamvua yakiwa yamekupwa.

#29 Binti_Wete
Samahani kwa kurudi nyuma. Mughaibuni, kwetu kwenye kinamo, nisawazishe masika au kiangazi? Mtu wa jeki ameniambia anakuja Wete mwezi ujao.

#30 Mughaibuni_Ohio
Dada yangu, usisawazishe udongo ukiwa kwenye kilele cha upande wowote. Subiri mvua za vuli zipite na udongo uanze kukauka bila ya kupasuka, na kabla ya hapo chimba mfereji wa kuondoa maji ya paa yasimwagike karibu na vinguzo. Mfereji huo peke yake huenda ukakupunguzia nusu ya tatizo. Nitumie picha za vinguzo vyako, na uweke rula pembeni ili nione vipimo.